Nyundo, Umekufa?

4 Februari

Kaka Nyundo,

Kama umesimama juu ya jiwe, shuka kwanza ndipo usome. Tumeitwa! Bendi yetu Tanuri imeitwa kwenye tamasha kubwa la muziki wa metali, lile la uwanjani, lile tulilokuwa tukilisikiliza redioni huku tukijifanya tupo. Jumamosi ya mwisho ya Juni. Nilikuwa nashona kiti cha basi habari ilipofika, nikapiga ukelele hadi sindano ikavunjika, mwenye basi akadhani nimejishona mkono.

Sasa sikia mwiba wake. Mngurumo naye ameitwa. Ndiyo, huyo huyo aliyekuwa mwimbaji wetu na mume wangu, akaiacha bendi na kuniacha mimi ndani ya wiki moja. Ana bendi yake siku hizi, na ameipa jina gani? Tanuri! Waandaaji walipogundua wamealika Tanuri mbili wakatoa hukumu. Waanzilishi walikuwa watatu: wewe ngoma, mimi besi, yeye sauti. Upande utakaosimamisha wawili kati ya hao jukwaani, huo ndio Tanuri. Mwingine atafute jina lake na abaki nyumbani.

Mimi niko huku, yeye yuko kule. Aliyebaki ni wewe, kaka yangu. Njoo!

Usidhani utakuta bendi mahututi. Ni kweli, tangu uondoke kiti chako cha ngoma kimekaliwa kama benchi la kituo cha basi. Mhasibu alipiga kama anafunga hesabu za mwaka. Zimamoto alikuwa mzuri, ila king'ora kikilia anaruka kutoka jukwaani wimbo ukiwa katikati, na watu wanashangilia wakidhani ndivyo tulivyopanga. Bwana Harusi alikwenda fungate, mpaka leo yuko fungate. Mchungaji aliokoka, akasema ngoma hizi ni za shetani, akaondoka na matoazi yetu mawili. Lakini sasa tumetulia. Mwimbaji wetu ni mwalimu wa chekechea. Asubuhi anawaimbisha watoto a, e, i, o, u, jioni anaunguruma mpaka vioo vinatikisika. Kwenye gitaa ni wale wale jamaa wawili wasiosemeshana.

Na kwenye ngoma nimempata mtu anaitwa Kisunzi. Mpya, lakini moto wa kuotea mbali! Tatizo ni moja tu: lile Pengo la katikati ya "Mlango wa Moto". Analipiga sawasawa mno, halina ladha. Mwandikie maneno mawili. Ukija atakupisha.

Mdogo wako,
Nyuzi Nne


19 Februari

Mdogo wangu Nyuzi Nne,

Dereva wa lori la dizeli alinikabidhi barua yako kwenye foleni ya chai. Nimeianza nimesimama, nikairudia nimekaa, nikaimalizia nakimbia kwa sababu honi ya zamu ilikuwa imelia. Siku nzima nimetoboa mwamba huku nikiimba ndani ya kinyago cha vumbi. Msimamizi akanisogelea.

"Mzee, umelewa?"

"Nimeitwa jukwaani."

"Jukwaa lako ndilo hilo. Toboa."

Nakuja! Waambie wote. Mikono yangu iko sawa, tena ina nguvu kuliko zamani, maana kutwa nzima inatikiswa na mashine ya kutobolea. Mwandiko usikutie shaka, meza yangu ni ndoo iliyopinduliwa.

Sasa huyo Kisunzi. Msomee haya kama yalivyo: acha kuhesabu, kijana! Wimbo ule unasimama katikati kwa sababu siku ya kurekodi kijiti kilinitoka, kikaviringika chini ya mtambo wa hewa pale karakana. Mkanyamaza nyote mkiningoja. Kanda ilikuwa moja, hatukuwa na nyingine ya kurudia. Mle ndani ya kimya Mngurumo akauliza, "Nyundo, umekufa?" Nami nikapiga pigo moja, mkaendelea. Basi, hiyo ndiyo siri yote. Watu wakaipenda kanda ile, na mpaka leo uwanja mzima unauliza, "Nyundo, umekufa?" na mpiga ngoma anajibu. Je, mtu akiulizwa kama amekufa anahesabu moja, mbili, tatu, nne, halafu ndipo ajibu? Ajibu pale wanaouliza wameanza kuogopa! Huyo wako, kwa ulivyomweleza, ana mikono ya mtu anayepanga sahani kabatini. Mwambie nimesema mimi.

Jambo moja zaidi, na hapa sitanii. Binti yetu asiwasogelee hao wapiga ngoma. Niliapa siku naondoka kwamba ngoma ziishie kwangu. Bendi hii ilikula nyumba yako, ikanitupa mimi huku kwenye mawe. Mpwa wangu abaki chuoni akijifunza kutengeneza meno ya bandia. Sijawahi kusikia meno ya bandia yamevunja ndoa ya mtu, labda yakianguka kwenye kikombe.

Kaka yako,
Nyundo


2 Machi

Shemeji Nyundo,

Naam, shemeji. Talaka ilinitenganisha na dada yako, wewe haikukutaja.

Najua ameshakuandikia, hachelewi. Nami naandika. Njoo upande wangu! Nina vijana wanaopiga kama mvua ya mawe kwenye bati. Nina taa, nina mashine ya moshi, nina shati la ngozi ambalo bado linafungika nikivuta pumzi. Ninachokosa ni mtu mmoja anayejua tulianzaje. Nikiuliza "Nyundo, umekufa?" hawa watoto wananijibu kabla sijafunga mdomo, kama askari wanaoitwa majina. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitia wasiwasi.

Dada yako atakwambia sauti yangu imezeeka. Mwambie simba huzeeka, lakini hajifunzi kulia kama mbuzi.

Binti yangu hajambo? Simu zangu hapokei. Mwambie kwamba... Hapana. Usimwambie kitu.

Mngurumo


23 Machi

Mjomba, shikamoo.

Kunjua uso kwanza. Umeshakunjua? Kisunzi ni mimi.

Mama alinikataza kukwambia, kwa sababu ya kile kiapo chako. Haikuwa mpango wa mtu. Mchungaji alipoondoka, mazoezi yalikuwa yanakwenda bila ngoma, nikakalia kiti ili tu kuwe na mtu wa kugonga kitu. Sikushuka tena. Siku barua yako ilipofika Mama alinisomea jikoni, "Acha kuhesabu, kijana!" huku akicheka mpaka akashika ukuta, nami nimeinamia bakuli la plasta ya meno. Halafu akafika pale penye "Binti yetu asiwasogelee hao wapiga ngoma." Mjomba, siwezi kuwasogelea zaidi ya hapa. Nimeshakuwa wao.

Najua ukija nitashuka. Bila wewe hatuna jina, na wewe kazi yako ni ngoma, hilo halina mjadala. Sitalia. (Nitalia, ila chooni, na maji nitafungulia.) Lakini kabla sijashuka nisaidie.

Kwanza ni hilo Pengo. Chuoni nafundishwa kuziba mapengo. Huku nalaumiwa kwamba nimeziba. Nimejaribu kutohesabu. Kichwa kinahesabu chenyewe.

Pili, kuna kitu kinanisumbua. Nimeisikiliza kanda ya kwanza mpaka imekwaruza. Lile pigo unalojibia si toazi. Wote waliokufuata walipiga toazi, na Mama anasema hata wewe mlipokuwa mkizunguka ulipiga toazi. Lakini kwenye kanda kuna kitu kingine, kizito, kinalia muda mrefu halafu kinapanda kidogo mwishoni. Nimepiga sufuria. Nimepiga kifuniko cha tangi. Nimepiga rimu ya gari mpaka jirani akaja kuuliza kama siku hizi tunatengeneza magari. Hakuna kinacholia vile. Ulipiga nini?

Nimempa dereva kadi yenye rekodi ya mazoezi yetu. Anasema redio ya lori lake inaisoma.

Mpwa wako mkaidi,
Kisunzi


9 Aprili

Marahaba, wewe mtoto.

Nilikasirika tangu asubuhi mpaka mchana, nisikufiche. Nilitoboa mwamba kwa hasira, msimamizi akanisifu. Halafu dereva akafungua milango yote miwili ya lori, akaweka ile kadi yako, akafungulia sauti mpaka mwisho.

Mpwa wangu! Wewe hujui ulichofanya hapa. Zamu iliyokuwa inatoka ikakutana na zamu iliyokuwa inaingia, na hakuna aliyetoka wala kuingia. Mpishi wa kambi alikuja na mwiko mkononi, unadondosha mchuzi. Jamaa wa mashine ya kusaga kokoto, ambaye tulidhani ni kiziwi, akaanza kutikisa kichwa. Msimamizi, yule asiyecheka hata akitekenywa, alikuwa anapiga boneti kwa kofia yake ngumu. Ulipoingiza ile miguu miwili kwenye ngoma kubwa, dugudugu-dugudugu, akaninyooshea kidole.

"Nani huyo?"

Nikasema, "Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu."

Kiapo changu kikafia hapo hapo, mbele ya mashahidi.

Sasa siri kwa siri, na hii usimpe mama yako. Mimi siwezi kushika kijiti. Mashine ya kutobolea imevimaliza vidole vyangu. Vinakuwa vyeupe, vinakufa ganzi, kitu chembamba hakikai. Vifungo vya shati langu anafunga jamaa wa kitanda cha juu, kila asubuhi, na kila asubuhi ananiita bibi harusi. Barua ya mama yako ilipofika nilichonga vijiti viwili, nikajaribu juu ya ndoo. Vilianguka. Nikaokota, vikaanguka. Bado nikamwandikia nakuja, kwa sababu lile neno jingine lilikataa kutoka kwenye kalamu.

Ulichouliza: ni kipande cha reli. Kilining'inia kwa mnyororo kwenye ukuta wa karakana, mwenye karakana akikipiga kuita watu kazini. Mimi kabla ya ngoma nilikuwa mpiga nyundo pale, jina limetoka huko. Siku ile kijiti kikiwa chini ya mtambo, kilichokuwa karibu nami ni nyundo. Nikaishika kwa mikono miwili, nikapiga reli. Tulipoanza kuzunguka reli ilikuwa nzito kubeba, nikaigiza kwa toazi, na toazi likakaa. Miaka yote hii watu wamesikiliza kanda ile, na masikio yaliyouliza ni yako peke yako.

Nimefika hapo kwenye barua nikaacha kuandika, nikasimama, nikagonga kichwa kwenye kitanda cha juu.

Nyundo, mpwa wangu! Nyundo nashika kila siku! Mpini mnene, mikono miwili, hiyo haijanishinda. Na waandaaji hawakusema mwanzilishi apige ngoma. Walisema asimame jukwaani!

Itafute hiyo reli. Kiti ni chako, ukishuka nitakufukuza kwa nyundo hiyo hiyo.

Mjomba wako,
Nyundo


30 Aprili

Kaka,

Huku mambo yanachemka! Nguo za jukwaani nimeshona zote, za mwalimu wa chekechea nimeweka na mfuko wa chaki, amesema hawezi kuimba bila kushika chaki. Wale wa gitaa wamesemeshana. Mmoja alisema "Sogea," na mwenzake akasogea. Tulipiga makofi.

Ila binti amerukwa na akili. Anataka reli. Alikwenda kwa mwenye karakana yetu ya zamani, mzee bado yupo, wakazunguka naye uani mpaka wakaipata ikiwa imeegemezwa kuzuia mlango wa banda la kuku. Ameileta kwa mkokoteni, na kuku wawili walitoroka, tumeshinda tukiwakimbiza. Nikimuuliza ya nini, anasema, "Ya mapambo." Mapambo gani ya kuwashinda watu wawili kuinua?

Kuna na hili. Nilizungumza na Kisunzi kwamba ukija atashuka kitini. Nilijiandaa kwa machozi. Akatabasamu! Kaka, sielewi hawa vijana.

Nimekuandalia vijiti vipya, uzito ule ule uliokuwa ukipenda. Viko mezani pangu, kila nikipita navigonga kwa kidole. Lakini mwandiko wako umekuwa kama njia ya kuku hao hao. Unaumwa?

Nyuzi Nne


15 Mei

Mdogo wangu,

Siumwi. Ndoo imepasuka, sasa naandikia juu ya goti.

Ruhusa nimepata. Msimamizi amesema nikirudi bila kanda ya onyesho, nisirudi. Kambi nzima imeniazima nguo, nina koti la mmoja na viatu vya mwingine, nitapanda jukwaani nikiwa watu watano.

Huyo Kisunzi asishuke kitini mpaka nifike. Kiti cha ngoma kikipoa kinaleta mkosi. Uliza popote.

Reli nayo mwachie binti. Mapambo ni mapambo.

Nyundo


3 Julai

Shemeji Mngurumo,

Sikukujibu tangu Machi kwa sababu ningejibu ovyo. Leo najibu.

Tazama mwandiko kwanza. Si wangu. Vidole vyangu vimeharibika na mashine ya kutobolea, kalamu inanishinda, kwa hiyo mimi natamka na mtu mwingine anaandika. Utamjua mbele ya safari.

Nilifika kwa dada siku mbili kabla ya tamasha. Akanipa kikombe cha chai, nikakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Alinitazama mpaka nikamaliza. Halafu akachukua vijiti vipya alivyokuwa ameniwekea mezani, akavitia kabatini polepole, akafunga.

"Kwa hiyo ile reli ni ya kwako," akasema.

"Na Kisunzi ni wa kwako," nikasema.

Alinichapa kwa kitambaa cha vyombo. Kisha akalia kidogo, kisha tukacheka, kisha akanichapa tena. Unamjua.

Uwanja ulijaa, shemeji, mpaka watu walikaa juu ya ukuta. Nikiwa pembeni ya jukwaa nawaona wote waliokalia kiti changu. Mhasibu alikuwa mstari wa mbele, anahesabu kwa vidole hata kabla hatujaanza. Zimamoto alikuwa kazini getini, na gari lake, anacheza na kofia kichwani. Bwana Harusi alikuja na mkewe na watoto, fungate imezaa. Mchungaji alisimama nyuma ya nguzo, akasema amekuja kutuombea. Ameturudishia toazi moja.

Ukafika "Mlango wa Moto". Kila kitu kikasimama. Reli inaning'inia mbele yangu kwa mnyororo, nimeinua nyundo, na uwanja mzima ukauliza kwa sauti moja, "Nyundo, umekufa?"

Sikupiga.

Wanasema zilikuwa mbwembwe. Hazikuwa mbwembwe. Ganzi ilikuwa imepanda mpaka viwikoni na sikuwa nauhisi mpini. Nikawaza, nikipiga sasa hivi nyundo itanitoka iangukie watu. Wakauliza tena. Nikabadili mshiko. Jina la bendi, dada yangu, kiti cha yule mtoto, vyote vilikuwa vimekaa juu ya mpini ambao siusikii. Ndipo kikaja kimya cha kweli, kile cha watu walioanza kuogopa. Mhasibu alikuwa ameishiwa vidole.

Na kutoka nyuma kabisa, kule kwenye mabomba ya maji, mtu mmoja akauliza. Hakupiga kelele. Aliuliza kama siku ile karakana, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Usinikatalie. Nimezeeka na sauti hiyo masikioni.

Nikapiga.

Ulisikia mwenyewe ilivyolia. Ilikwenda mpaka ukutani ikarudi, ikapanda kidogo mwishoni, na mpiga ngoma akaingia juu ya mlio ule bila kuhesabu, dugudugu-dugudugu, nikadhani jukwaa linaondoka. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Wale wa gitaa walikumbatiana wenyewe kwa wenyewe! Mchungaji alitoka nyuma ya nguzo.

Lakini nataka nikwambie ambacho hukuweza kukiona kutoka kule ulikokuwa. Ulipouliza, mimi niliutazama uso wa mpiga ngoma. Vijiti vilikuwa juu. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa ametazama kule kwenye mabomba, na hakuwa akinisubiri mimi. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikimbembeleza alale.

Hapa mwandishi wangu ameweka kalamu chini. Anasema anakwenda kunywa maji.

Amerudi.

Jina limebaki kwetu, kwa haki. Vijana wako nimewasikia, ni wazuri. Wape jina lao wenyewe, wasiazime moto wa jirani. Mimi narudi kambini kesho, na kanda ya msimamizi ninayo. Wameniahidi kunihamishia kwenye mizani ya malori, hakuna mtikisiko pale. Tamasha lijalo nitakuja tena, mikono miwili inatosha.

Uliniuliza swali, na pigo ni jibu la jumla tu. Acha nikujibu na kwa maneno. Sijafa, shemeji.

Nyundo


Baba,

Mjomba amesinzia kitini, kwa hiyo hili naandika kwa akili yangu. Kisunzi ni mimi.

Mazoezi ni Jumamosi saa kumi, karakana ile ile. Reli tumeirudisha ukutani, na kuku wamepata mlango mwingine. Mama anasema nafasi ya mwimbaji ina mwenyewe na hatoki mtu. Kuhusu nafasi ya anayeuliza "Nyundo, umekufa?", nimemuuliza mara mbili. Hajasema hapana.